Makongoro na Mkate wa Ufuta kwa Chajio: Shajara ya Jiko la Nyumbani

Jumatatu, baada ya Isha

Mradi huu una kusudi moja: kuandaa chajio cha watu sita hapa nyumbani, Unguja mjini, chenye supu nzito ya makongoro ya ng'ombe na mkate wa ufuta uliotoka motoni wakati huo huo, vyote viwili vikifika mezani pamoja na kila kimoja kikiwa katika ubora wake. Supu ya makongoro wengi wameizoea asubuhi, kwa chapati, na mkate wa ufuta wengi tunaununua alasiri za Ramadhani kwa wapishi wanaouchoma mbele ya nyumba zao. Ninaamini kwamba viwili hivi vinastahili kukutana usiku, kwa sababu supu hii ikishaenguliwa mafuta hushibisha bila kulemea, na utamu wa tui ulio ndani ya mkate huipokea vizuri sana ndimu na pilipili manga.

Ugumu wa kazi uko kwenye saa. Makongoro yanataka saa nne hadi tano za moto mdogo, ilhali mkate wa ufuta ukishaepuliwa huanza kukakamaa juu na kupoteza ulaini wake kabla saa moja haijapita. Wapishi wengi hupanga chajio kwa kuifuata supu, na mkate huchukua nafasi inayobaki. Rai yangu ni kinyume chake: unga ndio upange saa ya kula, na supu iwe imekamilika mapema, ikingojea, kwa kuwa supu huvumilia kungoja na unga ulioumuka hauvumilii. Kurasa zinazofuata ni za kuijaribu rai hiyo hatua kwa hatua, kila kitu peke yake kwanza, kisha vyote pamoja.

Jumanne

Makongoro yamenunuliwa asubuhi Darajani, soko ambalo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1904 na ambalo hadi leo, kwa anayetaka kuchagua nyama kwa macho yake, halina mpinzani mjini. Nilichukua miguu miwili, yapata kilo mbili na nusu kwa jumla, ikiwa imekwisha kuchomwa manyoya. Nilimwomba muuza nyama aikate kwa msumeno, vipande vya upana wa sentimita tano hivi, wala asitumie shoka, maana shoka hupasua mfupa na kuacha chembe ndogo kali ambazo hushuka chini ya sufuria na kuibuka kwenye bakuli la mtoto. Nyumbani vipande vilikwanguliwa upya kwa kisu, pembeni mwa kwato hasa, vikasuguliwa kwa chumvi na maganda ya ndimu, kisha vikasuuzwa mpaka maji yakatoka meupe.

Kuna sababu ya kuchagua makongoro badala ya nyama ya mnofu. Mguu wa ng'ombe una nyama kidogo sana. Ulichonacho ni ngozi, kano na gegedu, na vyote hivyo vimejengwa kwa kolajeni, protini ngumu inayofanana na kamba zilizosokotwa pamoja. Joto likipita nyuzi 60 hadi 70 za selsiasi, kamba hizo huanza kufumuka, na zikikaa ndani ya maji ya moto kwa saa kadhaa hugeuka kuwa jelatini, ambayo huyeyuka na kuipa supu ule uzito unaonata kidogo midomoni. Hakuna unga wa mahindi wala wanga wowote unaoweza kuleta uzito wa namna hiyo. Nyama ya mnofu ingetoa ladha haraka zaidi, lakini supu yake ingebaki nyepesi, na mkate wa ufuta ungeinywa yote kwa mchovyo mmoja.

Vipande vilichemshwa kwanza kwa dakika kumi, maji hayo yakamwagwa, sufuria ikaoshwa, kisha vikawekwa tena katika lita tano za maji baridi. Maji baridi ni muhimu, kwa sababu protini zilizobaki juu ya mfupa huyeyuka taratibu, na joto linapopanda hugandamana na kupanda juu zikiwa povu ambalo mtu anaweza kulikusanya kwa upawa. Zikikutana na maji yanayochemka tangu mwanzo hugandia humo humo, na supu huwa na ukungu. Niliengua povu kwa subira mpaka likakoma, nikatia kipande cha tangawizi kilichopondwa, kijiti cha mdalasini na kitunguu maji kizima kilichokatwa katikati. Chumvi sikuitia, kwa kuwa maji yatapungua kwa karibu theluthi moja kabla ya kazi kwisha, na chumvi haitapungua pamoja nayo.

Tangu hapo moto ulishushwa hadi viputo vichache tu vikawa vinapanda ukingoni. Kuchemsha kwa nguvu hakuharakishi kitu, kwani maji ya wazi hapa pwani hayawezi kupita nyuzi 100 hata moto uwe mkali kiasi gani. Kinachofanyika ni kwamba mafuta hupigwapigwa na kusambaa ndani ya supu, nayo ikawa nzito kwa njia isiyopendeza. Wasomaji wa Arusha na Iringa waongeze muda, kwa kuwa katika miinuko yao maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kano huchelewa kulainika. Sufuria ya presha, ambayo ndani yake joto hufika nyuzi 120, inaweza kuimaliza kazi hii kwa saa moja na kidogo, na kwa siku ya kazi ningeitumia bila kusita. Kwa mradi huu nimechagua sufuria ya wazi kwa sababu nataka kuengua na kuonja kila ninapopenda.

Baada ya saa nne na nusu ngozi ilikuwa inakatika kwa kijiko cha mbao na mifupa midogo ya vidole ilikuwa imeachana. Sufuria ilitumbukizwa katika beseni la maji baridi, maji yakabadilishwa yalipopata moto, kisha supu ikagawanywa katika vyombo vipana na vifupi na kuingia frijini. Katika joto la hapa supu iliyoachwa juu ya jiko usiku kucha huchacha, na harufu ya tangawizi haipaswi kumdanganya mtu aamini vinginevyo.

Jumatano

Asubuhi supu ilikuwa imeganda barabara. Kisu kilisimama ndani yake, na juu palikuwa na tabaka la mafuta ya manjano lililoinuliwa kwa kipande kimoja. Nusu ya mafuta hayo nimeyahifadhi kwa kukaangia viungo, mengine nimeyaondoa. Huu ndio uthibitisho wa kwanza wa rai niliyoiandika Jumatatu: supu iliyolala imekuwa bora kuliko ilivyokuwa jana usiku, safi zaidi na rahisi zaidi kuipima chumvi, kwa hiyo hakuna faida yoyote ya kuikimbiza iishe saa ile ile ya kula.

Alhamisi

Siku nzima imekuwa ya unga, na hapa ndipo penye mambo mengi ya kuandika.

Unga wa mkate wa ufuta haukandwi juu ya ubao. Ni mzito kuliko uji na ni mwepesi kuliko donge la maandazi. Hupigwa kwa mkono ndani ya bakuli, vidole vikiwa vimekunjwa kidogo, ukiinuliwa na kubwagwa mpaka uanze kuvutika bila kukatika. Kupigwa huko ndiko kunakounganisha protini za ngano kuwa utando wa gluteni, na utando huo ndio utakaoshika hewa itakayotolewa na hamira. Kwa sababu hiyo nilisoma maandishi ya mfuko kabla ya kununua, nikachagua unga wenye zaidi ya gramu 11 za protini katika kila gramu 100. Ngano yenyewe haioti Unguja, na hata Bara, ambako mashamba makubwa ya ngano yako Hanang na maeneo mengine ya nyanda za juu, sehemu kubwa ya ngano inayosagwa huagizwa kutoka nje. Ndiyo maana unga wa chapa moja unaweza kubadilika tabia kutoka mfuko hadi mfuko, na mpishi hana budi kuusikiliza mkono wake kuliko kipimo cha kikombe.

Swali kubwa la leo lilikuwa tui. Nazi mbili zilikunwa kwa mbuzi, machicha yakakamuliwa mara ya kwanza kwa maji machache ya uvuguvugu ili kupata kasimile, kisha mara ya pili kwa maji mengi zaidi ili kupata tui jepesi. Mabakuli mawili yaliandaliwa kwa unga sawa, gramu 250 kila moja, hamira sawa, chumvi sawa na sukari sawa, moja likachanganywa kwa kasimile pekee na la pili kwa tui jepesi pekee. La tui jepesi liliumuka kwa muda wa saa moja na kuwa na mapovu makubwa, na mkate wake ulikuwa na vinyweleo vingi lakini ladha yake ya nazi ilikuwa hafifu. La kasimile lilichelewa kwa zaidi ya nusu saa, na mkate wake ulikuwa laini mno, wenye harufu nzuri, ila mzito katikati. Sababu yake inaeleweka: mafuta ya nazi huufunika unga na kuzuia gluteni kushikamana, na tena kasimile lina maji machache kuliko linavyoonekana, hivyo unga na hamira vyote viwili hupata kiu.

Uamuzi ni kutumia nusu kwa nusu. Kipimo nilichokipitisha kwa chajio ni gramu 750 za unga, mililita 325 za kasimile, mililita 325 za tui jepesi, yai moja, vijiko viwili vya chai vya hamira ya chengachenga, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chakula cha sukari. Tui liwe vuguvugu, la kuvumilika kwa kidole bila kushtuka. Chachu ni kiumbe hai, na tui likifika nyuzi 60 hivi chachu hufa, na hakuna kusubiri kutakakoufufua unga huo. Sukari ni kwa ajili ya rangi kuliko utamu. Hiliki nimeiacha kwa makusudi, ingawa inapendeza katika mkate wa kunywea chai, kwa kuwa mkate huu utaingia ndani ya supu yenye thomu na pilipili manga.

Jambo la mwisho la leo ni joto la hewa. Jikoni mwetu mchana hufika nyuzi 30, na unga wa nusu kwa nusu ulichukua kama saa moja na nusu kuongezeka maradufu. Ukifika hapo, una nafasi ya nusu saa, pengine kidogo zaidi, kabla haujaanza kunywea na kutoa harufu ya uchachu. Nusu saa hiyo ndiyo itakayotawala ratiba nzima ya Jumamosi.

Ijumaa, baada ya Alasiri

Leo chuma. Shangazi alikuja kusimamia, naye kwa mkate huu anajua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Mkate wa ufuta huivishwa chini kwa chuma na juu kwa makaa, na siri yake ni kwamba chuma hakitiwi mafuta hata tone. Kikaango kizito cha chuma, chenye kingo fupi na mkono imara, huwekwa juu ya makaa hadi matone ya maji yaliyonyunyizwa yakimbie na kukauka mara moja. Mkono huloweshwa maji, fungu la unga hukusanywa na kubandikwa katikati, kisha hutandazwa kwa vidole vilivyolowa mpaka ufikie kingo, kwa unene wa sentimita moja hivi. Unga ulio mbichi hushika chuma kikavu kwa nguvu, na hilo ndilo linalotakiwa, kwa sababu baada ya dakika tatu au nne, vitundu vinapojitokeza juu na ukingo unapokauka, kikaango chote hupinduliwa na uso wa mkate kuelekezwa kwenye makaa. Ukiwa na mafuta chini, mkate ungeanguka motoni.

Shangazi aliangalia mkate wa kwanza, akasema, "Mwanangu, moto wako una ulimi. Ungoje utulie." Alikuwa anamaanisha makaa ambayo bado yalikuwa yanatoa miali. Miali hubabua uso kabla ndani hapajaiva na kuacha harufu ya moshi. Makaa yaliyokwisha kuvaa majivu meupe hutoa joto lililosambaa, na uso huwa wa rangi ya dhahabu yenye madoa ya kahawia polepole, mbele ya macho yako. Mikate iliyofuata, moto ukiwa umetulia na kikaango kikizungushwa kidogo kidogo kwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye makaa, ilitoka sawasawa pande zote.

Kuhusu ufuta wenyewe, unamwagwa juu ya unga ukiwa ungali mbichi, mara baada ya kutandazwa, ili ushike, na joto la kupinduliwa ndilo linaloukaanga. Punje ya ufuta ina mafuta yanayokaribia nusu ya uzito wake, na harufu yake haiamki mpaka iguswe na moto. Nimetumia ufuta mweupe wa Lindi, mkoa ambao pamoja na Mtwara unajulikana kwa zao hili. Ufuta wa zamani uliokaa dukani huwa na uchungu kidogo, kwa hiyo inafaa kuutafuna kabla ya kuununua. Mkate ukiepuliwa hupanguswa samli iliyoyeyushwa na thomu iliyopondwa, kisha hufunikwa kwa kitambaa kisafi ili mvuke wake uulainishe ukoko.

Jumamosi

Hii ndiyo siku ya vyote pamoja. Ratiba ilipangwa kwa kurudi nyuma kutoka saa 2:00 usiku, baada ya sala ya Isha, na iliandikwa kwa kuufuata unga peke yake.

Saa 11:00 jioni unga ulipigwa na kufunikwa. Wakati ukiumuka, supu iliyoganda ilirudishwa kwenye sufuria na kuyeyushwa kwa moto wa gesi, mifupa mikubwa ikatolewa, ngozi na kano zikakatwa vipande vya kuingia kijikoni na kurudishwa. Katika chuma kidogo nilikaanga kwa mafuta niliyoyahifadhi Jumatano kitunguu kilichokatwa vyembamba, thomu, tangawizi na bizari nyembamba iliyotwangwa, nikaongeza tungule mbili zilizomenywa na kuziacha zikauke mpaka mafuta yakajitenga. Mchanganyiko huo ulingoja pembeni.

Saa 12:30 unga ulikuwa umefika maradufu, ukitetemeka bakuli likiguswa. Makaa yalikuwa yamewashwa dakika ishirini kabla, na yalikuwa yanaanza kuvaa majivu. Baada ya kumaliza sala ya Magharibi, saa 1:00 kasoro kidogo, mbatata na karoti ziliingia katika supu, na vyuma viwili vikawekwa motoni. Hapo kazi ya supu ilikuwa imebakia ndogo sana, na hilo ndilo lililouacha mkono huru kwa mkate. Mkate mmoja ulichukua dakika saba hadi nane kutoka kubandikwa hadi kuepuliwa, chuma kimoja kikiwa chini kinaivisha upande wa chini na kingine kimepinduliwa juu ya makaa, kwa zamu. Unga ulitoa mikate minne mikubwa, na wa mwisho uliepuliwa dakika chache kabla ya saa 1:30. Tofauti kati ya mkate wa kwanza na wa nne ilikuwepo: wa nne ulikuwa na vitundu vikubwa zaidi na uchachu mdogo, mtamu kwa namna yake, na kwa maoni yangu ndio uliofaa zaidi kwa supu.

Mbatata zilipoiva, mchanganyiko wa viungo uliingia, kisha chumvi ikapimwa kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Pilipili manga ilitwangwa wakati huo huo na kutiwa moto ukiwa umezimwa, kwa kuwa harufu yake hutoroka na mvuke. Ndimu haikutiwa sufuriani kabisa. Iliwekwa mezani imekatwa, pamoja na kotmiri na pilipili mbuzi, ili kila mtu akamulie kwenye bakuli lake, maana harufu ya ndimu iliyochemshwa hufifia na ukali peke yake ndio unaobaki. Supu ilifunikwa, ikangoja Isha bila kudhurika, na mikate ilikuwa imefungwa katika kitambaa karibu na jiko.

Saa 2:00 watu waliketi. Mkate ulikuwa wa moto wa kutosha kutoa mvuke ulipomenywa, ukoko wake ulilainika ulipochovywa lakini haukuvunjika ndani ya supu, na huo ndio mtihani nilioutaka: mkate wa dukani uliokatwa vipande husambaratika, na huu uliishika supu nzito na kuipandisha. Watoto walikula ngozi na kano, ambazo kwa kawaida huzikataa, kwa sababu zilikuwa laini na zimekatwa ndogo. Shangazi alikamua ndimu mara mbili, akaomba mkate wa nne. Kwa ratiba, rai ya Jumatatu imesimama, kwani hakuna dakika yoyote ambayo unga ulilazimika kuisubiri supu.

Jumapili

Bakuli mbili za supu zimebaki na zimeganda tena. Zimechemshwa barabara leo asubuhi kabla ya kuliwa, na hazitarudishwa frijini mara nyingine. Robo ya mkate iliyosalia ilinyunyizwa maji kidogo na kupashwa kwenye chuma kikavu kilichofunikwa, ikarejea ulaini wake kwa sehemu kubwa, ingawa harufu ya ufuta ilikuwa imepungua.

Mambo mawili yanaingia katika awamu inayofuata. La kwanza ni kuubadilisha robo ya unga wa ngano kwa unga wa uwele, nafaka ambayo hutumika kwa mkate wa mofa na ambayo haina gluteni. Natarajia mkate mfupi zaidi wenye ladha iliyokomaa, na kwa hiyo kipimo cha kasimile kitapunguzwa hadi theluthi ya tui lote ili utando usilemewe. La pili ni kulaza unga frijini usiku kucha kwa nusu ya hamira, kwa ajili ya siku za kazi ambazo saa 11:00 jioni hakuna mtu nyumbani wa kuupiga. Makongoro ya awamu hiyo yamekwisha kuagizwa kwa muuza nyama yule yule, kwa sharti lile lile la msumeno.